Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Gari la Moshi la Bububu

Assalaam aleikum ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mshika fedha. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu, kukusanya historia ya gari la moshi la Bububu, hapa Unguja, Zanzibar.

Wengi bado wanaichanganya reli hii na ile ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Ile ilianza 1879, ikitoka mjini kuelekea kusini hadi kwenye kasri yake ya Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadaye ikaletwa injini ya mvuke. Barghash alifariki 1888, na reli yake haikudumu baada yake. Ya Bububu ilikwenda kaskazini. Iliijenga kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney & Company ya New York, mwaka 1904 na 1905, maili 7 hivi kutoka Ngome Kongwe, mjini, hadi kijiji cha Bububu.

Tofauti hii naishikilia kwa nguvu. Reli ya Chukwani ilikuwa ya mfalme. Ya Bububu ilipandwa na kila mtu, wa mjini na wa shamba, hata kama lilikuwapo behewa la daraja la kwanza kwa wenye nafasi zao. Historia ya watu wa aina hiyo ndiyo inayopotea upesi, maana hawakujengewa makasri.

Serikali iliinunua mwaka 1911. Kisha barabara zikaongezeka, motokaa zikaingia, nazo injini zikawa zinaharibika. Kufikia 1922 safari za abiria zikasimamishwa. Reli yenyewe haikufa hapo. Hadi 1928 ilibeba mawe ya kujazia bahari katika ujenzi wa bandari. Kwangu mimi hiki ndicho kipande chake kikubwa kuliko vyote, na ndicho kinachosimuliwa kidogo mno. Tunaopanda boti bandarini leo tuna deni kwa gari lile.

Kamati inaomba kila mwanachama awaulize wazee wa nyumbani kwake: picha, tiketi, jina la kituo, simulizi ya babu aliyefanya kazi relini. Msingoje kitu kikubwa.

Mwisho, naomba mkutano uidhinishe ombi la vibao viwili vya kumbukumbu, kimoja Bububu na kingine Ngome Kongwe. Kwa kuwa Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000, cha Ngome Kongwe kitahitaji kibali cha wahusika, kwa hiyo barua hiyo ndiyo itangulie.