Tofu ya Xijiang: barua kwa shoga yangu

Guiyang, China

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama, na wote wa hapo Ngamiani. Mimi sijambo, ila manyunyu ya huku hayakatiki, nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka unyevu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza bwenini nikacheka peke yangu, mwenzangu wa chumba akanitazama kama nimerukwa na akili. Eti "ndiyo umefikia kula vilivyooza?" Haya, tulia nikueleze hiyo tofu niliyokula, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa yakakatwa vipande. Umeniuliza wewe, mtu wa karai na mafuta tangu tuko shule, kwa hiyo sitakujibu kijuujuu.

Nilikokwenda panaitwa Xijiang, kijiji cha Wamiao, moja ya makabila ya China, katika wilaya ya Leishan, humuhumu mkoani Guizhou. Unapanda treni ya kasi kutoka Guiyang hadi Kaili, hata saa nzima haifiki, kisha basi la kupanda milima. Nyumba zaidi ya 1,000, nyingi za mbao, zimepandana ubavuni mwa mlima juu ya nguzo. Kwa desturi chini hukaa mifugo na majembe, watu ghorofa ya kati, nafaka juu kabisa. Pazuri, sikatai, lakini watalii wamejaa hadi unasukumwa. Barabara kuu kila ukigeuka wanakodisha mavazi ya Kimiao na mataji ya fedha yenye pembe ili watu wapigie picha, na soseji za vijiti zinazouzwa pale utazikuta mji wowote wa China. Ukitaka kula cha maana, panda ngazi za mawe uende nyuma huko.

Kabla ya chakula, langoni kuna mtihani. Wanawake wamejipanga wanaimba, mikononi wana pembe za ng'ombe zimejaa pombe ya mchele, wanakusogezea mdomoni. Kwa desturi yao vituo hivyo ni 12 mpaka mgeni aingie ndani. Niliambiwa mapema: pembe usiiguse kwa mkono, ukiigusa tu imeshakuwa yako, uimalize yote. Basi mimi mikono nyuma, kichwa natikisa, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Hawakunilazimisha, wakacheka tu wakanipisha.

Sasa tofu. Ile ya kuchoma wanaikata vipande vidogo, wanailoweka kwenye maji ya magadi, halafu wanaifunika mahali penye joto mpaka ianze kuchachuka. Magadi, shoga, sisi tunatilia maharage yaive upesi, wenzetu wanaipa tofu ngozi ya nje na ulaini wa ndani. Niliikuta kwa mama mmoja wa makamo, nywele kazifunga juu ya utosi, kachomeka ua kubwa jekundu la bandia mbele na kitana nyuma. Kakaa kwenye kigoda kifupi, jiko la mkaa miguuni, wavu wa chuma juu yake. Kwanza nikamuuliza mafuta, maana huku mafuta ya nguruwe wanapikia hata mboga za majani. Kichina changu ni cha kuombea maji, lakini alinielewa: akaninyanyulia chupa ya mafuta ya mbegu, akagonga kifuniko kwa ukucha, tazama mwenyewe.

Akapaka mafuta, akawa anageuza kwa vijiti bila haraka. Kipande kikipata moto kinavimba taratibu mpaka pembe zake zinapotea. Hapo anakipasua ubavuni na mvuke unatoka, na ndipo harufu inapokupata sawasawa. Ipo, sikufichi. Lakini mimi na wewe tumekuzwa na papa mkavu: mgeni akipita pale sokoni anaziba pua, sisi tunauliza bei. Ni hivyo hivyo. Harufu inabaki nje, mdomoni haifiki. Mdomoni nilikuta ngozi yenye ladha ya moshi, na ndani ute laini wa moto unaounguza ulimi kama una papara. Nina papara, unanijua.

Kilichonishinda si tofu. Kwenye ule mpasuo anajaza pilipili, mchuzi wa soya, majani ya kitunguu, giligilani, na mzizi mweupe mwembamba uliokatwakatwa. Mzizi huo wanauita zheergen, na Guizhou nzima wanautafuna kwa mapenzi. Una harufu ya samaki mbichi! Umeng'oa kitu shambani, umekiosha, unakitafuna kinalia mdomoni, halafu kinakupa samaki wa jana. Kipande cha pili nilimwomba asitie. Alinitazama kwa huruma kabisa, kama mtu aliyesikia nimefiwa. Simu nikaelekeza kwenye karatasi yake ya malipo, nikaongeza vingine.

Kuna na tofu ya mtungini, na hiyo sikuila, kwa sababu vipande vikishaota ukungu mweupe juu ya mabua ya mpunga wanavigaragaza kwenye chumvi na pilipili, kisha vinatiwa pombe kali ndipo vifungiwe. Lakini mtungi wenyewe nilisimama nikauchunguza. Shingoni una mfereji unaozunguka, unajazwa maji, na ukingo wa kifuniko unazama humo. Hewa ya ndani inatoka kwa kububujika, ya nje haipati pa kuingilia. Ungekuwa nao wewe, yale malalamiko ya achari kuota ukungu yangeisha. Mama wa nyumba tuliyofikia anao mingi ukutani: wa mboga, wa pilipili, wa nyanya. Kila asubuhi anapita na kopo anaangalia maji ya mfereji yasikauke.

Ukiuliza kwa nini wanachachua kila kitu, utaambiwa chumvi. Guizhou haikuwa na chumvi yake. Ilitoka Sichuan, mkoa wa jirani, ikibebwa migongoni mwa watu na farasi kuvuka milima hii, na ilipofika ilikuwa ghali, maskini hawaigusi. Basi wakaufanya uchachu ndio kiungo. Pilipili nayo ilipoingia wakaikumbatia. Maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 18 yanasema wenyeji waliitumia badala ya chumvi. Leo chumvi iko kila duka, lakini bado wanasema usipokula kichachu siku tatu utatembea ukiyumba.

Mchuzi wao mkubwa ni wa samaki, na hapa ndipo utakapokasirika: ule mweupe unaanzia kwenye maji ya kuoshea mchele. Yale unayomwaga uani kila siku! Wanayaweka yachachuke, yanakuwa supu. Mwekundu unatiwa nyanya na pilipili zilizochachushwa. Samaki wenyewe wanafugwa kwenye majaruba, mpunga juu, samaki chini. Unaletewa sufuria inachemka mezani, imetiwa vijitunda vidogo vyenye harufu ya ndimu na tangawizi kwa pamoja. Nilikunywa mchuzi mtupu, bakuli baada ya bakuli, jasho linanitoka puani. Huo ndio ningerudia leo hii kabla ya tofu.

Nikija likizo nitakuletea pilipili yao ya unga, ile wanayoichanganya na soya iliyokaangwa ikasagwa. Nadhani itakaa vizuri juu ya mihogo yako, tena ukiiuza kwa pakiti ndogondogo kando watu wataiulizia. Niambie tu ni kiasi gani, maana begi langu lina kilo zake na dada naye ameshaagiza viatu. Zheergen sikuletei hata ukilia.

Nijibu kwa maandishi safari hii, ile sauti yako ilijaa mlio wa bodaboda. Na unieleze goti la mama limefikia wapi, kama bado anakwenda kukandwa au ameacha.

Shoga yako wa siku zote