Kwa vijana wa bendi mnaokwenda kupiga muziki Muscat

Wanangu,

Nimesikia tiketi zimeshakatwa, na kwamba mkataba wa hiyo hoteli mtauona mkishafika. Hilo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Naandika hadharani kwa sababu najua si bendi yenu peke yake.

Palikuwa na mtunzi wa Kiingereza, Isaac Nathan, Myahudi wa Canterbury, mwana wa mwimbishaji wa sinagogi. Mwaka 1815 alitoa tuni za Kiebrania ambazo maneno yake yaliandikwa na Lord Byron, mshairi aliyekuwa gumzo la London nzima. Walipatana hasa. Mwaka uliofuata, Byron alipokuwa anaihama Uingereza, Nathan alimpelekea mikate ya Pasaka ya Kiyahudi, ile isiyotiwa chachu, iwe masurufu ya njiani. Byron akamjibu kwa barua ya shukrani.

Mwenye marafiki wa namna hiyo aogope nini? Akaingia katika kazi ya siri ya Mfalme William wa Nne. Mfalme akafa mwaka 1837. Nathan alipodai chake, serikali ya waziri mkuu, Lord Melbourne, ikakataa kumlipa alichotaka. Angemwita nani shahidi, marehemu? Madeni yakamkaba, na mwaka 1841 akaifikisha familia yake Australia kwa merikebu. Sasa oneni vituko vya dunia: kabla ya kufika Sydney walishukia kwanza mji uitwao Melbourne, jina la waziri mkuu yuleyule!

Nacheka, lakini yamenikuta. Ujanani nilirekodi nyimbo sita kwa ahadi ya mdomo, nikapewa soda na nauli ya basi. Hadi leo nazisikia arusini, nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki nasubiri pilau kama mgeni mwingine yeyote.

Huko Sydney Nathan alifanya kazi ya maana, sikatai. Alifundisha kuimba, na Myahudi yule akaongoza kwaya ya kanisa kuu la Kikatoliki, St Mary's, bila kujishaua. Tarehe 3 Mei 1847 opera yake, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, Don John of Austria, ilichezwa Royal Victoria Theatre, ya kwanza kutungwa na kuonyeshwa Australia. Aliandika pia nota za nyimbo za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, ila akazivika piano na madoido ya Kizungu; hapo simsifu. Nanyi mkikutana na wapiga udi wa Oman, tulieni msikilize kwanza.

Januari 1864, akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, alikuwa anashuka kwenye tramu ya farasi mtaa wa Pitt, ikaondoka kabla hajakanyaga chini vizuri. Ikamuua.

Basi mwambieni meneja atume mkataba kabla ya Jumamosi. Nataka kuona mshahara wa mwezi, saa za kupiga, nani analipa tiketi ya kurudi, na pasipoti zenu zitakaa kwa nani. Ukiwa kwa Kiarabu, jirani yangu maalim atatusomea. Akianza habari za "tuaminiane tu", nipeni simu niongee naye mwenyewe. Na tiketi, nimeuliza, tarehe yake inaweza kusogezwa.

Mzee wenu wa kinanda,
Tanga