Barua kwa Somo Yangu wa Unguja

Morogoro,
Jumapili jioni.

Mpendwa somo yangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na mama na jamaa wote. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mvua imetufungia barabara ya Kigurunyembe kwa siku mbili na nimepata muda wa kukaa chini niandike kama zamani.

Unaniuliza iwapo mwanaisimu kama wewe, yaani mtaalamu wa sayansi ya lugha, aliyetumia miaka ishirini kusikiliza pumzi inayotoka midomoni anapotajwa paa wa porini, na isiyotoka linapotajwa paa la nyumba, ana sababu yoyote ya kukubali kuongoza taasisi nzima, mahali ambapo atasikiliza zaidi malalamiko ya posho kuliko konsonanti. Nilitaka kukujibu kwa neno moja, lakini nikamkumbuka mwanamke mmoja wa Italia ambaye nimekuwa nikizifuatilia habari zake, nikaona zitakufaa kuliko ushauri wangu mtupu.

Anaitwa Stefania Giannini, mzaliwa wa Lucca, mwaka 1960. Ni mwanaisimu wa lugha za kale, na mwaka 1989 yeye na mwenzake Giovanna Marotta walichapisha kitabu juu ya konsonanti maradufu za Kilatini. Kitabu kizima, somo yangu, kuhusu tofauti ya n moja na n mbili! Mimi na wewe hatucheki, kwa kuwa tunajua kwamba hata katika Kiitaliano cha leo mtu akifupisha sauti hiyo, babu, yaani nonno, anakuwa nono, yaani wa tisa, na mpira, palla, unageuka chepe, pala. Nakutajia kazi hiyo kwa sababu uliandika, kwa masikitiko niliyoyasikia hadi huku, kwamba utafiti wako ni mdogo mno kwa mtu anayetaka kukalia kiti kikubwa.

Mwaka 2004 akawa mkuu, ambaye wao humwita rekta, wa Chuo Kikuu cha Wageni cha Perugia, akakiongoza hadi 2013, wakati ambapo wanawake wenye cheo hicho nchini mwake walikuwa wa kuhesabika. Chuo chenyewe kilichipuka kutokana na kozi zilizoanzishwa mwaka 1921, kikatambuliwa rasmi mwaka 1925, na kazi yake kuu tangu hapo ni kuwafundisha wageni Kiitaliano na utamaduni wa Italia. Jengo lake kuu liko karibu kabisa na lango la mawe lililojengwa na Waetruski, watu wa kale wa Italia ambao maandishi yao tunaweza kuyasoma herufi kwa herufi huku sehemu kubwa ya maana ikituponyoka. Sijui kama kuna mahali pengine panapomfaa zaidi mwanaisimu kupita kila asubuhi akienda ofisini.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo. Chuo hicho ni ndugu wa taasisi yako, ambayo nayo inaishi kwa wageni wanaokuja kutafuta lugha. Nakumbuka siku ile nilipoketi nyuma ya darasa lako pale Vuga, ukamshikisha yule kijana wa Kijerumani kipande cha karatasi nyembamba mbele ya midomo yake. Alisema paa wa porini, karatasi ikatulia tuli. Ukasema wewe, karatasi ikaruka. Akarudia mara saba au nane, jasho likimtoka, na karatasi ilipotikisika hatimaye darasa zima lilipiga makofi, kisha kengele ikalia na somo likaishia hapo kwa sababu mpangaji wa ratiba alikuwa ameona dakika 40 zinatosha watu 25. Mkuu asiyejua kilichotokea kwenye karatasi ile ataona wanafunzi 25 na ada 25, basi. Wewe utajua kwa nini darasa hilo ligawanywe, na utakuwa na kalamu ya kuligawa.

Sitakuficha upande wa pili. Mwaka 2013 Giannini aliingia Seneti, na kuanzia Februari 2014 hadi Desemba 2016 alikuwa Waziri wa Elimu, katika serikali ya Matteo Renzi. Sheria ya shule ya mwaka 2015 ilileta ajira za kudumu kwa walimu wengi sana, lakini pia migomo na, mwaka uliofuata, uhamisho uliopangwa na programu ya kompyuta, ukawatupa walimu wa kusini hadi kaskazini kabisa, mithili ya mtu wa Newala kuamka na barua ya kuripoti Kagera. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu dhaifu ya safari yake, kwa sababu ukubwa wa meza ulimweka mbali na sauti za watu. Mwaka 2018 aliingia UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, kusimamia elimu kama Mkurugenzi Mkuu Msaidizi, na huko naona alirudi nyumbani kwa mlango mwingine. Ni shirika hilo linalokumbusha kila mara kwamba takribani asilimia 40 ya watu duniani hawapati elimu kwa lugha wanayoizungumza au kuielewa. Mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza hapa kwetu anaweza kukuonyesha nyuso za hesabu hiyo bila kutoka darasani.

Nami niliwahi kuongoza idara kwa miaka mitatu, katika chuo nisichokitaja, na kaseti za wazee nilizorekodi zikaota ukungu kabatini wakati nikihudhuria vikao. Kwa hiyo katika jibu lako andika masharti mawili: kipindi kimoja cha fonolojia, yaani somo la sauti za lugha, kwa wiki kibaki mikononi mwako, na chumba kikavu cha kuhifadhia sauti kiingizwe kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza. Wakikataa la pili, niambie kabla hujatia saini.

Ijumaa nitapanda treni ya asubuhi hadi Dar es Salaam, kisha boti ya mchana. Nakuletea kaseti nne zilizonusurika. Tafuta mashine ya kuzichezea.

Wako akupendaye,
Somo yako