Barua kwa mwanangu: hela za kamati zisikae kwenye simu yako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Makorora, Tanga, wazima, na kifua cha baba yako kimepungua. Ama baada ya salamu, mama yako mdogo amerudi kutoka Dar na habari mbili. Ya kwanza imenifurahisha mpaka nikawaita majirani: umekabidhiwa harusi nzima, watu mia nne, ukumbi wa Sinza, si kupamba viti tena. Ya pili imeninyima usingizi. Anasema michango ya kamati inaingia kwenye simu yako. Simu hiyohiyo unayonunulia umeme, unayomtumia mdogo wako nauli, unayokopea mwezi ukiwa mrefu.

Sisemi utazila. Nimekulea mwenyewe. Lakini ukiwa unadaiwa na mtandao, mchango wa mtu ukiingia tu unakatwa deni palepale, nawe umeshakula hela ya harusi hata hujui. Na siku ya kuvunja kamati hakuna atakayeuliza mapambo yalipendeza vipi. Watasoma majina. Fulani alitoa laki, mbona haimo? Fulani alituma elfu hamsini usiku, nani aliipokea? Utaanza kufungua meseji moja moja mbele ya wazee?

Mwambie mwenyekiti wachague mweka hazina, mtu wa upande wa familia, afungue akaunti au laini ya kamati peke yake, na hela isitoke bila watu wawili kujua. Wewe peleka makadirio, chukua risiti, bandika kwenye daftari. Ujira wako uandikwe kwenye mkataba ulipwe kama anavyolipwa mpiga picha. Usijilipe kwa chenji, mama. Nakuomba.

Na ahadi si hela. Mtu akisimama kwenye kikao akasema "niandikeni laki mbili" anapigiwa makofi, anakunywa soda, anaondoka. Lile la harusi ya Barabara ya 12 unalijua, ulikuwa nje na watoto wenzako. Jikoni hukuwepo. Kamati ilikuwa imehesabu ahadi zote kama zimeshaingia, wakachukua turubai kubwa, viti vya vitambaa, na bendi. Nyama nikaletewa nusu ya niliyoandika, na ujira wa wapishi haukuonekana. Nimeshapalia makaa juu ya vifuniko, vijana wamepanga sinia, na mimi nimesimama na upawa mkononi nikasema hakifunuliwi kitu mpaka wasichana wangu walipwe. Mama wa bibi harusi akavua bangili moja, akaiweka kwenye meza ya vitunguu, hakusema neno. Nikafunua. Bangili nilimrudishia kesho yake, ila hatukuzungumza tena kama zamani. Wasichana wale walikuwa na haki yao. Hata hivyo njia ile siipiti nikiwa naweza kupita nyingine.

Kwa hiyo panga kwa hela iliyokwisha kuingia, si kwa karatasi ya ahadi. Anza na ukumbi na chakula, halafu maji, sauti na taa. Mapambo yaje mwisho. Najua yatakuuma, maana ndiyo unayoyapenda, na kusema kweli mkono wako kwenye maua sijauona kwa mwingine. Sehemu ya kumi ya hela iache usiiguse mpaka asubuhi ya shughuli, kwa sababu asubuhi ya shughuli lazima kitu kikatike.

Hizo kadi umezihesabu vizuri? Mia nne ni watu au ni kadi? Kama kuna kadi za watu wawili, hesabu vichwa. Pilau mimi napiga kilo moja ya mchele kwa watu saba. Mia nne ni kilo sitini hivi. Mpishi akikwambia arobaini atakuaibisha, akikwambia tisini anapeleka kwake. Na chakula cha wapiga muziki, madereva na walinzi kihesabiwe tangu mwanzo, kiwekwe pembeni. Hao wakilala njaa ndio wanaozima spika saa unayowahitaji.

Ukumbi usiutazame mchana tu. Nenda usiku, saa ileile ya shughuli, usikie muziki wa jirani unaingia kiasi gani, uone taa za njia ya vyooni zinawaka. Uliza jenereta lao linavuta viyoyozi au taa peke yake. Uliza malipo ya awali yanarudi au hayarudi tarehe ikisogezwa, na jibu liandikwe.

Tarehe yenyewe haijanikaa. Naambiwa ni mwezi wa nne, masika katikati. Mvua ikikaza maji yanajaa Jangwani barabara inafungwa, na nusu ya wageni wako watatoka Kariakoo. Gari la mapambo na masufuria lipite mapema, lisingoje alasiri. Wageni watumie ujumbe siku moja kabla, kila mtu ajue njia ya kuzungukia.

Ratiba ianzie mwisho. Ukumbi unafungwa saa ngapi? Kama ni saa 6 usiku, chakula kiwe mezani saa 3, na bibi harusi atoke saluni saa 10 jioni, si saa 10 aingie. Mkiandika saa 12 kwenye kadi jueni Magharibi inaingia palepale, kwa hiyo tengeni nafasi ya kuswali na maji ya kutawadha. Kukosekana kwa hilo wazee hawakusemi usoni, wanakusema njiani.

Mshereheshaji mpe majina kwenye karatasi, kwa maandishi makubwa, pamoja na nani ametangulia mbele ya haki, asije akamwita marehemu aje kukata keki. Wajomba waitwe kwa heshima yao. Bibi wa bwana harusi nasikia ni mtu wa kwetu, amekulia enzi za Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu vya hapa Tanga. Mwekee taarabu ya zamani watu wanapoingia, hata nyimbo mbili. Atakaa mpaka mwisho na atakuombea dua.

Yale niliyosema ulipoacha kazi ya mshahara, baba yako ameshanisema sana. Tuyaache. Ila kama ungenipigia kabla ya kupokea hiyo hela, nisingeandika kurasa zote hizi.

Huku bati la uani limeng'olewa na kaskazi, fundi anataka elfu themanini, nimemwambia angoje. Mdogo wako hesabu zimemshinda tena, mpigie umkaripie, wewe anakusikia. Mbuzi mdogo amezaa. Shangazi yako wa Pangani anaulizia dera lake la Idi iliyopita, na mimi sijui nimjibu nini, kwa hiyo mpigie mwenyewe.

Jumapili ukionana na mwenyekiti nijulishe laini ya kamati imefunguliwa, hata kama ni usiku sana. Zilizokwisha kuingia kwako uzihamishe siku hiyohiyo, jina kwa jina, na mweka hazina atie sahihi kwamba amezipokea.

Nimempa dereva ndoo: nazi, ng'onda, na daftari langu la shughuli limefungwa kwenye kanga. Vipimo vya pilau na biriani viko kurasa za mwanzo, usizichane. Ndoo irudi na gari la Jumatatu, ndiyo ninayotekea maji.

Mama yako