Picha za mchanga unaochora ziandikiwe vipimo vyake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu zile picha za mchanga unaojipanga wenyewe juu ya bamba la chuma spika inapovuma. Zinasambazwa sana, na zinastahili. Chembe zinakimbia ovyo kila upande, kisha ghafla zinatulia na kuwa nyota, pete na nakshi za mraba ambazo fundi mwenye kalamu angezihangaikia kutwa nzima. Tatizo ni maelezo yanayowekwa chini yake. Huandikwa kwamba hilo ndilo umbo la sauti ya hezi kadhaa (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), basi. Sauti haina umbo lake. Umbo ni la bamba. Hezi zilezile 440 zikipelekwa kwenye bamba la mraba na bamba la duara huleta michoro miwili isiyofanana, na kwenye bamba la tatu mchanga huenda ukatetemeka tu bila kuchora chochote.

Kila bamba lina masafa yake maalumu, yaani kasi za mtikisiko zinazopimwa kwa hezi, linayoyaitikia kwa nguvu. Likifikia mojawapo, sehemu fulani hupanda na kushuka kwa kasi, na kati yake hubaki mistari isiyosogea. Mchanga hurushwa kutoka penye mtikisiko mpaka uangukie penye utulivu. Pande mbili za mstari huenda kinyume: huu ukipanda, ule unashuka.

Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliliona jambo hili mwaka 1680 kwa unga juu ya kioo, lakini aliyelifanya elimu ni Ernst Chladni, mzaliwa wa Wittenberg, Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1787. Alipomwonyesha Napoleon michoro yake mjini Paris mwaka 1809, ilitangazwa zawadi kwa atakayeieleza kwa hesabu. Aliipata mwanahisabati Mfaransa Sophie Germain mwaka 1816.

Kwa anayetaka kuiona kwa macho yake, bila umeme, njia ya Chladni ndiyo nzuri kuliko zote. Chukua bamba la mraba la alumini au shaba ya njano, upande sentimita 24, unene milimita 2. Tafuta katikati kwa kupiga mistari kutoka pembe hadi pembe, toboa tundu la milimita 5 kwa keekee, ulifunge kwa skrubu juu ya nguzo fupi iliyo imara. Washa, zile pete bapa zinazokaa chini ya skrubu, ziwe ndogo; washa pana hukaba bamba na kuua mlio. Kingo zipigwe tupa kisha msasa, la sivyo zitakata singa za upinde. Paka bamba rangi nyeusi isiyong'aa ili mchanga mweupe uonekane. Mchanga uoshwe, ukaushwe kabisa, upite kwenye chekeche. Chembe za robo hadi nusu milimita ndizo zinazotii. Chumvi hufanya kazi siku kavu tu, kwani hunyonya unyevu na kuganda.

Nyunyiza kidogo, kiasi cha kuona rangi ya bamba kati ya chembe. Chukua upinde wa fidla uliopakwa rozini (utomvu mkavu unaofanya singa zishike) ya kutosha, uusimamishe wima ukigusa ukingo, uvute taratibu kwa mkandamizo mmoja. Sasa siri yenyewe: kidole. Unapogusa ukingo kwa ncha ya kidole, mstari wa utulivu utapita hapo. Gusa katikati ya upande mmoja na uvute upinde karibu na pembe, utapata alama ya kujumlisha, kwa mlio mzito wa hezi 115 hivi kama bamba ni la alumini. Gusa pembe na uvute katikati ya upande, msalaba utageuka na kulala kutoka pembe hadi pembe, na mlio utapanda karibu mara moja na nusu. Ongeza kidole cha pili, sogeza upinde kidogo, na michoro huzidi kuchangamana kadiri mlio unavyopanda.

Mengi huharibikia kwenye vitu vidogo. Bamba lisipokuwa sawa kwa pimamaji, mchanga wote huhamia upande mmoja. Tundu likikosea katikati, mistari hupinda. Bamba lililowahi kukunjwa likanyooshwa kwa nyundo halichori vizuri tena, kwa sababu ugumu wake haulingani kila mahali. Upinde ukikwaruza bila mlio, rozini haitoshi au kidole kimewekwa mahali panapotaka kutikisika; sogeza kidole kwanza kabla ya kulaumu upinde.

Njia ya spika ni nyingine kabisa, na hapa ndipo maelezo ya picha hupotosha zaidi. Bamba lililofungwa katikati haliwezi kutikisika hapo, kwa hiyo kituo chake ni tulivu. Likisukumwa na spika kutoka katikati, hapohapo ndipo panapotikisika. Alama ya kujumlisha na ule msalaba wa pembe hadi pembe havitokei. Hutokea pete na nakshi zinazozunguka kituo. Ni koo mbili za michoro kutoka bamba moja. Anayetumia spika apandishe masafa polepole, hezi moja moja anapokaribia mchoro, na avae vizibo vya masikio akivuka hezi 1,000.

Unene na ukubwa navyo vina kanuni yake: unene ukizidishwa mara mbili, masafa ya mchoro uleule huzidi mara mbili, urefu wa upande ukizidishwa mara mbili, masafa hushuka hadi robo. Ndiyo maana namba ya hezi peke yake haimwambii msomaji kitu.

Kuna ajabu moja ambayo picha hizo haziionyeshi kamwe. Changanya mchanga na poda laini sana. Mchanga utakwenda kwenye mistari kama kawaida, lakini poda itafanya kinyume: itakusanyika mahali bamba linapotikisika zaidi, katika vichuguu vidogo vinavyochemka na kujizungusha bila kutawanyika. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alieleza sababu mwaka 1831. Bamba linapotikisika huzalisha mikondo midogo ya hewa, na chembe nyepesi hubebwa nayo. Alipoondoa hewa, poda nayo ilikwenda kwenye mistari. Michoro miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa bamba na mwingine wa hewa iliyo juu yake.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, picha ya namna hii ikichapishwa iambatane na mambo matano: bamba ni la nini, upana wake, unene wake, limeshikwa au kusukumwa wapi, na masafa. Yote yanaenea katika mstari mmoja chini ya picha, na msomaji mwenye bamba na mchanga ataweza kuutengeneza mchoro huohuo jioni hiyohiyo.

Mpenzi wa elimu ya sauti