Mama, Sijaacha Kazi ya Mikate

Devon, Uingereza

Kwa Mamangu mpenzi na jamaa wote wa Kibokoni, Mombasa.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo Mama. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, alhamdulillahi, na ninamwomba Mungu barua hii iwakute nyote katika afya njema. Mdogo wangu ameniarifu kwamba tangu uliposikia nimeingia zimamoto hupati usingizi, na kwamba unadhani nimeacha kazi ya mikate. Sijaiacha. Naomba nikueleze kazi hii mpya ilivyo, ili unaponiombea dua ujue unaniombea katika jambo gani.

Kaunti hii ya Devon na jirani yake Somerset zinahudumiwa na kikosi kimoja cha zimamoto na uokoaji, kilichoundwa mwaka 2007 kwa kuunganisha vikosi viwili vya awali. Kina vituo zaidi ya 80, lakini vingi kati ya hivyo havina askari wanaoshinda wala kulala ndani yake. Askari wa kudumu wako katika miji mikubwa kama Exeter na Plymouth. Miji midogo kama huu wangu hulindwa na wakazi wenyewe: fundi bomba, mkulima, mwalimu, mwenye duka la maua, na sasa mwanao. Kila mmoja wetu hubeba peja kiunoni, kidude kidogo kinacholia tunapoitwa, na saa zake za zamu hatakiwi kuwa mbali kiasi cha kushindwa kufika kituoni kwa dakika tano hivi. Peja ikilia, naacha unga pale pale ulipo, navua aproni, natoka mbio. Mwajiri wangu aliridhia jambo hili kabla sijaandikishwa, na wakati nisipokuwepo yeye mwenyewe ndiye anayesimama mbele ya tanuri. Tunalipwa kiasi fulani kwa kule kukaa tayari, na tunalipwa tena kwa kila mwito, ingawa sijamwona mtu aliyetajirika kwa malipo hayo.

Kwa kawaida gari linahitaji watu wasiopungua wanne: dereva aliyefuzu kuliendesha gari hilo, msimamizi, na wawili wa kuvaa mitungi ya hewa. Hapo ndipo penye udhaifu wa mpango mzima. Usiku watu hukimbilia kituoni hata wengine wakakosa nafasi garini, lakini saa nne asubuhi vijana wengi wako makazini katika miji ya mbali, na akikosekana mtu mmoja tu, chumba cha kupokea simu za dharura hulazimika kuita gari la mji mwingine. Ndiyo maana mwokaji mikate, ambaye mchana kutwa yuko hatua chache kutoka kituoni, alipokelewa kwa furaha kubwa kuliko nilivyotarajia.

Sasa hofu yako, Mama. Hakuna anayeingia peke yake katika nyumba yenye moshi. Tunaingia wawili wawili. Kabla ya kuvuka mlango, kila mmoja hutoa kibao chenye jina lake na kumkabidhi mwenzetu anayesimama nje na ubao. Yeye hukipachika hapo, akaandika kiasi cha hewa kilichomo mtungini na saa tuliyoingia, kisha akapiga hesabu ya saa ambayo filimbi ya mtungi italia kuonya kwamba hewa inakaribia kwisha. Kazi yake ni hiyo tu, kutujua tulipo. Tukitoka anaturudishia vibao vyetu mkononi. Mara ya kwanza nilipokishika tena kibao changu, kikiwa na joto la kiganja chake, nilikukumbuka wewe ulivyokuwa ukisimama mlangoni ukituhesabu tunaporudi kutoka madrasa.

Moto wangu mkubwa wa kwanza ulikuwa wa nyumba kongwe yenye paa la nyasi. Ukiliona paa lile utafikiri ni makuti ya hoteli za Diani, isipokuwa hili ni la mabua yaliyoshindiliwa, tabaka juu ya tabaka. Limetengenezwa lisipitishe mvua, kwa hiyo hata maji ya mipira yetu yaliteleza juu huku moto ukitambaa ndani kwa ndani. Ilibidi tulifumue paa kwa mikono na kulikata mfereji mpana hadi kwenye maboriti ili moto ukose pa kupita, na wenzetu wengine wakawa wanatoa kabati, godoro na picha za harusi. Gari letu hubeba takriban lita 1,800, nazo huisha kwa dakika chache mpira mkubwa ukifunguliwa. Baada ya hapo tunategemea mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara, ambayo huonyeshwa kwa kibao cha manjano chenye herufi H na namba mbili: ya juu ni upana wa bomba kwa milimita, ya chini ni umbali kwa mita kutoka kwenye kibao hadi mahali pa kuunganishia mpira.

Nikivisoma vibao hivyo ninaiwaza Kibokoni. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeiweka huduma ya zimamoto mikononi mwa kaunti, lakini hata kaunti ikinunua magari mapya kumi, hakuna litakaloingia katika vichochoro vyetu. Watakaofika kwanza ni majirani na ndoo zao, kama ilivyokuwa siku zote. Hao ndio ningependa wafunzwe na wapewe pampu ndogo ya kusukumwa kwa mkokoteni, kwa sababu wanazijua ngazi zote na wanajua ni nyumba gani ina bibi asiyeweza kutembea.

Kwa hiyo naomba mdogo wangu afuatane na Ami siku ya Jumamosi, wapite mtaa mzima, waandike visima na birika zenye maji, wapime upana wa kila kichochoro, kisha wanitumie. Nitauchora mchoro na kuurudisha kwa wazee wa mtaa. Jumanne usiku tunafanya mazoezi, kwa hiyo msinipigie simu siku hiyo. Jumatano baada ya isha nitakuwa nyumbani.

Wasalaam, mwanao akupendaye.