Mabonde yetu yaandikwe kabla hayajapimwa viwanja

Mheshimiwa Mhariri,

Ile habari yenu ya baraza la mji kuahidi kutenga maeneo ya wazi kwa ajili ya miti, fedha zikipatikana, nimeisoma mara mbili. Gazeti lako nalisoma tangu ningali nikisomesha na sijawahi kukuandikia, lakini hili limenishinda kunyamazia.

Nyuma ya kwetu hapa Wete palikuwa na kibonde chenye miti ya mikungu na mvule mmoja mkongwe. Wakilala humo popo wa Pemba, ambao duniani kote hawapo ila kisiwa hiki. Asubuhi watoto wakiokota kokwa za kungu zilizotafunwa na popo hao usiku. Siku moja mwaka jana nikakuta kigingi cha chuma chenye rangi nyekundu kimekitwa ubavuni mwa shina.

Nikenda kwa sheha, mkuu wa shehia yetu. "Mwalimu, hata mimi sikuambiwa." Baraza wakasema ardhi si yao, niende kwa wanaopima. Huko nikafunguliwa ramani: mahali pa bonde letu pameachwa peupe, hapana hata neno. Kijana akanambia, kwa adabu kabisa, kwamba pasipoandikwa kitu ni kiwanja. Wiki ya tatu ukaja msumeno. Mvule ulianguka saa nne asubuhi, na popo wakazunguka mchana kweupe juu ya mapaa yetu hawajui pa kutua. Naghadhibika kwa sababu kisingizio cha fedha hapa hakisimami. Ardhi ya visiwa hivi ni ya Serikali tangu Mapinduzi ya 1964, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inasema hivyo hivyo. Baraza halina haja ya kununua bonde kwa mamilioni kama wafanyavyo nchi nyengine. La kulipa ni fidia ya mikarafuu na minazi ya mtu, kama ipo. Sheria ya misitu ya 1996 nayo inawaruhusu wanakijiji kuwekeana mkataba na Serikali wakatunza msitu wao. Msitu wa Ngezi, hapa hapa Pemba, upo hadi leo kwa kuwa una mipaka iliyoandikwa. Kijijini Kidike popo wapo kwa kuwa wenyeji wamewalinda.

Na hayo magari yanayochota mchanga kwenye ardhi yetu hiyo hiyo? Yanapita alfajiri, yanaacha mashimo makondeni, mvua ikinyesha yanajaa maji na watoto wanaogelea humo. Nani anayahesabu?

Ninaloliomba ni hili. Kila afisi ya sheha itundikwe ubao wa bati, ramani ya shehia ichorwe kwa rangi ya mafuta, na kila bonde la wazi liandikwe jina lake la asili, lile wanalolijua wazee. Kila mwaka masika yakimalizika, wazee na wanafunzi waupite mpaka kwa miguu na wapande tena mibono ya kuonyesha mpaka pale ilipokufa. Kazi hiyo ianze kabla ya kiwanja chengine chochote kupimwa.

Bonde letu limeshatoka viwanja sita. Lile la nyuma ya skuli bado halijakitwa kigingi. Jana magharibi nilipita kulitazama.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba